Matundu ya Koti la Mkombozi

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimempima Mkombozi mwenyewe, yule anayetaka wakuja wote wafukuzwe nchini. Kiuno inchi arobaini na nne. Akasema, andika arobaini. Nimeandika arobaini, nitakata arobaini na nne. Akaniuliza kama mimi ni mwenyeji. Nilikuwa na pini mdomoni — nikaitikia kwa kichwa. Kweli, mimi ni mwenyeji. Mke wangu, nyuma ya pazia, aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake.

Alhamisi, 7 Machi
Koti tayari. Matundu ya vifungo kayashona mke wangu kwa mkono, kama mama yake alivyomfundisha, mshono wa kwao: uzi mara mbili, fundo dogo pembeni. Miaka kumi na tisa najaribu, nashindwa. Nikamwambia, mama watoto, unampendezesha anayetaka kukufukuza. Akasema: "Akishafunga koti, labda atafunga na mdomo."

Jumapili, 10 Machi
Mkutano uwanjani. Mkombozi kashika tundu la kifungo chake jukwaani: "Tazameni! Mikono ya wenyeji hii!" Nikapiga makofi. Mlinzi alikuwa ananiangalia. Kisha tangazo: wakuja wajiandikishe, mwisho Ijumaa saa kumi; baada ya hapo vijana wa chama wanapita nyumba kwa nyumba. Jumamosi malori ya kuwabeba.

Jumanne, 12 Machi
Oda! Makoti sitini ya wakuu wa chama, matundu yaleyale. Nikamwambia katibu wa Mkombozi: matundu hayo anayajua fundi mmoja tu, nipe barua vijana wenu wasimguse. Jina nitajaza mwenyewe. "Mzee una maneno wewe," akacheka, akagonga muhuri.

Ijumaa, 15 Machi
Barua ninayo, nafasi ya jina bado tupu. Jina la mke wangu tu linatosha kufichua kwao ni wapi.
Saa tisa na nusu. Mkombozi kaja bila kuitwa. Anataka kumpa mkono fundi wa matundu. Nikasema yuko nyuma, ana haya.
"Haya ya nini? Mwambie huyo mzalendo atoke!"
Nimetia pini mdomoni, nimefungua daftari hili la vipimo, najifanya naandika mabega yake. Kakaa kiti cha wateja. Anasema atasubiri.
Pazia limetikisika. Mke wangu katoa mkono — mkono tu, subana ya kukinga sindano kidoleni. Mkombozi kainuka, kaushika kwa mikono yake miwili, anausifu.
Saa kumi kasoro dakika tano. Hajauachia.