Utafiti wa Nafula Niliouza Kufungia Mandazi

Ijumaa. Mvua imeanza asubuhi upande wa Uganda, imevuka mpaka bila kitambulisho, sasa inanyeshea Kenya. Nami nimekaa mlangoni pa stoo yangu nacheka peke yangu.

Niacheni nijisifu kidogo. Katika Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, hakuna mtu mwenye bahati kunizidi. Shule niliiacha kidato cha pili kwa hiari yangu, biashara iliponiita kwa jina, na sijajuta hata siku moja. Nanunua karatasi kuukuu, nauza za kufungia. Ukila kitu cha moto hapa mpakani, ujue umeshika karatasi yangu.

Kwa hiyo Nafula, binti wa dada yangu Nekesa, aliponiambia anatafuta majarida ya utafiti, nilimcheka. Majarida? Mjomba wako analalia majarida!

Nafula anasoma chuo cha afya Tororo. Anaandika juu ya zebaki, ile dawa inayoteleza kama maji ya fedha, ambayo wanawake wa machimbo ya Tiira wanaichanganya na mchanga kwa mikono mitupu ili inase dhahabu. Hakuichagua mada hiyo kwa kutafuta sifa. Mama yake anafanya kazi hiyo, na siku hizi mkono wa Nekesa unatetemeka mpaka chai inamwagika. Mwalimu alimpa Nafula hadi leo: alete kazi iliyosimama juu ya utafiti wa kweli, la sivyo angoje mwaka mwingine.

Nilikuwa na mzigo mpya, umetoka ofisi ya watafiti waliohama. Nikauchambua kwa ujuzi wangu wote. Yale ya karatasi inayong'aa, yenye picha, nikamwekea Nafula. Yale ya rangi ya uji, hayana picha hata ya mbuzi, maandishi kama siafu, nikampelekea Mama Achieng upande wa Kenya afungie mandazi. Karatasi isiyong'aa inanyonya mafuta vizuri. Hilo nalijua kuliko profesa yeyote.

Jumatatu Nafula akaja, kazi yake imejaa wino mwekundu. Mwalimu ameandika pembeni: Nani amesema? Alimpima nani? Alipimaje?

Nilitaka kwenda Tororo nikampime huyo mwalimu.

"Mjomba, tulia," Nafula akasema. Akafungua lile jarida langu zuri. Pichani mwanamke anatabasamu, mikono ndani ya beseni la mchanga. Ukurasa wa pili, tangazo la mafuta ya uso. Si kwamba limedanganya, akanieleza. Linafaa kumpa mtu habari na kumburudisha. Lakini mwandishi hasemi alipima watu gani wala kwa njia gani, na mwishoni hakuna orodha ya alikosoma. Jarida la wasomi linataja waandishi na wanakofanya kazi, linaeleza walivyopima, na kabla halijachapwa, makala inapitia kwa wataalamu wengine waitafutie makosa.

Hapo kichwa kikafunguka. Tiira hakuna anayenunua dhahabu kwa mdomo wa muuzaji. Inachomwa, inapimwa, kisha anaitwa mjuzi mwingine aikague.

"Sasa si ungesema tu ni kama dhahabu!"

"Na majarida hayo ya wasomi huwa hayapambwi, Mjomba. Karatasi ya kawaida tu. Maandishi madogo."

Nikakumbuka rundo la Mama Achieng.

Maandishi kama siafu.

Nilivuka mpaka mbio mpaka askari akaniuliza nimeiba nini. Mama Achieng alikuwa amebakiza rundo dogo chini ya meza.

"Wewe si uliniapia hizi ni takataka?" akasema. "Leo zimekuwa hati ya shamba?"

Nikamwambia nitamletea zinazong'aa badala yake.

"Hizo zinatoa mandazi jasho. Peleka kwako." Lakini akainama, unga mikononi, tukachambua pamoja.

Tukapata moja. Zebaki, wachimbaji wadogo, mikono inayotetemeka. Kurasa za mwisho zilishaondoka na mandazi ya watu, ila jina la makala, majina ya waandishi na jina la jarida yalikuwepo, na doa la mafuta juu yake. Nilipomrudishia, Nafula akasema yanatosha. Kwa majina hayo akaipata makala nzima kwenye kompyuta ya chuo, na ile orodha ya mwisho ikamwonyesha nyingine tele.

Leo mchana amepiga simu. Mwalimu ameipokea kazi. Mtoto wetu anaendelea!

Kisha akaniomba jambo. Jumapili twende Tiira, na mimi ndiye nimsomee mama yake ule muhtasari wa mwanzo wa makala, maana Nekesa anamsikia kaka yake kuliko anavyomsikia binti yake. Tafsiri ya Kiswahili alikuwa ameniachia tangu juzi, ameiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa.

Ni mistari kumi. Tangu mchana najizoeza, kidole chini ya kila neno, nimefika wa nne. Jumapili nitafika wa kumi, na nitausoma huku nimemshika Nekesa huo mkono.

Na ile ya kuacha shule kwa hiari? Uongo. Biashara haikuniita. Kusoma kulinishinda, nilifeli mara mbili, nikaona aibu kurudi, na nimejuta kila siku.