Ile ya Sita Tuliyoiruka

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi na mama hatujambo, ila macho yake bado yanamwasha na daktari amemwongezea matone. Wewe je, na hayo masikio? Mama anasema simu yako uiuze tu, maana kukupigia ni sawa na kupiga kelele kisimani. Nimemwambia mimi na wewe barua zinatutosha.

Haya, tuje kwenye kazi yetu. Jumapili nilimaliza kufua nikaketi na Nungunungu, ile filamu ya nne. Kama ulivyoniagiza, nakuandikia sauti, kwa kuwa maandishi ya chini ya picha hayakwambii kila kitu. Pale jasusi wetu anaposhuka na lifti hakuna muziki hata chembe. Kamba ya chuma inalia kwii, kwii, halafu inanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakomkausha mtu mate. Wewe miaka yote uliniambia pale pana ngoma! Uliitunga mwenyewe.

Na bado nasema mwigizaji wa pili wa Nungunungu, yule mrefu, anamshinda yule wa kwanza mwenye masharubu. Usininunie.

Kazini, kule kiwanda cha kufulia, si shwari. Jumanne bomba la mvuke la pasi kubwa lilipasuka, likambabua mkono dada mmoja tunayemwita Chuma. Ndiye aliyenifundisha kukunja shuka za hospitali zikiwa bado za moto, kona kwa kona, bila kuungua. Bomba lile tulilisema tangu mwaka jana, fundi akalifunga waya akaondoka. Siku ya tatu Chuma alirudi kazini na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alitutazama tu, mmoja mmoja.

Mpwa wako

11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Masikio ni yale yale: la kulia limefunga duka, la kushoto limefuga nyuki. Kwa fundi viatu si hasara kubwa. Wateja wanafoka, mimi natazama soli.

Kuhusu ngoma ya kwenye lifti, naapa niliisikia. Labda ulikuwa moyo wangu.

Lakini usinigusie mtu wa masharubu! Yule mrefu akidanganya, unamwona anadanganya. Wa kwanza alikuwa anamtazama adui usoni, anamwuliza habari za watoto, na huku mfukoni ana ufunguo wa nyumba yake. Huo ndio ujasusi. Kingine: kwenye ya nne, itazame ile glasi mezani. Jenerali anainywa yote, kamera ikigeuka imejaa tena. Nimeirudisha mara sita nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Sasa nenda kwenye ya tano. Ya sita tutairuka kama kawaida yetu, picha zake ni za giza na hadithi haina kichwa wala miguu.

Mvuke hauna msalie mtume. Kaa mbali na lile bomba. Nisalimie dada yangu.

Mjomba wako

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Ya tano nimeitazama nusu, nisamehe, akili haikutulia.

Chuma na wenzake wanakusanya saini wapeleke malalamiko kwa wakaguzi wa usalama kazini. Karatasi inapita chini kwa chini, ndani ya mikunjo ya shuka, na mimi nimeshatia saini. Jana meneja akaniita. Alinipa kiti, na hapo hapo nikajua mambo yameharibika, maana sisi ofisini kwake hatukaribishwi kukaa.

"Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Meza ya mbele wanataka mtu wa kupokea mizigo. Kazi safi, haina joto. Nimekufikiria wewe."

Nikashukuru. Akasogeza kalamu yake kidogo.

"Kuna watu wanataka kutuvuruga. Mimi sitaki ugomvi, nataka kuzungumza nao tu. Niletee majina ya wanaoongoza. Tarehe ishirini na tisa, kabla hujatoka zamu."

Mjomba, nikikataa, mwezi ujao mimi na mama tutakula nini? Nikikubali, nitamtazamaje Chuma? Mama siwezi kumwambia. Tangu baba alipofukuzwa kule kwenye kiwanda cha nguo kwa sababu mtu alipeleka majina, habari za namna hii zinamlaza kitandani. Wewe ulikuwepo, unayajua.

Barua inachukua siku nne kuja, siku nne kwenda. Nimezihesabu. Ukijibu siku utakayoipata, itanifikia kabla. Niambie tu neno moja.

Mpwa wako

26 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Huku vumbi limezidi, viatu vyote vinakuja na rangi moja.

Ya tano nimeitazama tena. Lile gari linalokimbizwa darajani lina taa mbili, likitoka upande wa pili lina moja, na halijagonga kitu. Watengenezaji walichoka. Ila yule mwanamke mwenye duka la saa anaigiza vizuri sana, nilisahau kabisa kwamba anakufa.

Kuhusu meneja wako, ni jambo la kufikiriwa. Mtu mzima hakurupuki. Nitakuandikia.

Nenda moja kwa moja kwenye ya saba. Ya sita iruke. Nimesema iruke.

Mjomba wako

10 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe mosi. Majina niliyatoa tarehe ishirini na tisa. Siku hiyo niliomba ruhusa ya nusu saa, nikaenda posta, nikasimama dirishani mpaka saa nane mchana. Karani akaniambia, "Dada, barua haiji kwa kukodolewa macho." Nikarudi. Nikayataja matatu: Chuma, dereva wa gari la mizigo, na yule mama wa chumba cha kutilia shuka wanga. Meneja aliandika kwa mkono wake, akaniuliza Chuma anaandikwaje jina lake la pili. Nikamtajia herufi.

Hakuzungumza nao. Jumatatu asubuhi mlinzi alikuwa na karatasi getini. Wale watatu waliposogea akawanyang'anya vitambulisho. Mimi tayari nilikuwa meza ya mbele, nyuma ya kioo, na blauzi mpya. Chuma aliomba aruhusiwe kuchukua ndala zake ndani, akakataliwa. Akageuka, akaniona. Akanipungia ule mkono mzima, na akatabasamu, kama mtu anayesema usijali.

Hajui, Mjomba. Alifurahi kwamba mimi nimepona.

Leo mchana nimeitazama ya sita. Yule mpiga chapa anayeandika majina ya wenzake na kuyaficha ndani ya kibweta cha miwani, anamwuliza yule mkubwa anayempelekea, "Mtazungumza nao tu?" Picha zake si za giza hata kidogo. Zina mwanga tele. Hadithi yake ina kichwa na miguu kuliko zote kumi na moja.

Kwa nini tulikuwa tunairuka? Nijibu hilo tu, mengine yamepita.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Hii ya nne nitaitia posta kabla sijaisoma.

Jina la baba yako nililitoa mimi.

Tulikuwa wafumaji sote wawili. Mashine zile zilipiga kelele mpaka meno yanacheza, na watu wakaanza kudai vizibo vya masikio. Shemeji yangu, baba yako, alikuwa akiongea vizuri, wakamweka mbele. Msimamizi akanikalisha kwenye kiti, kama wewe. Akasema wanataka kuzungumza nao tu. Niliandika majina kumi na mawili nyuma ya lebo ya uzi. La shemeji nililiweka la nne. Nilifikiri wakiona nimetaja hata ndugu yangu, wataamini sifichi mtu.

Walifukuzwa wote. Mimi nikapelekwa stoo, kwenye kimya. Baada ya miaka miwili stoo ikafungwa, nikarudishwa kwenye mashine. Vizibo havikuwepo. Hayo mengine unayaona.

Baba yako aliendelea kuja kwangu. Siku moja aliniuliza, "Shemeji, wewe unadhani ni nani?" Nikamjazia chai.

Mwaka mmoja baada ya kurudi kwenye mashine, filamu ya sita ikatoka. Tulikwenda sinema wawili, kama zamani. Ilipofika pale kwa mpiga chapa, aliniinamia sikioni akasema neno. Sikulisikia, masikio yalishaanza. Sikumwuliza alisema nini. Nilitazama mbele mpaka taa zikawashwa. Alipofariki, nikaanza kukuleta wewe kila Jumamosi tutazame za Nungunungu, na kila tulipofika kwenye ya sita niliiruka.

Ulipoomba shauri, jibu nilikuwa nalo siku ile ile. Usitoe. Lakini ungeniuliza nimejuaje. Nilijiogopea mwenyewe, nikakuandikia habari za taa za gari. Nilikuacha peke yako kwenye kile kiti.

Mwonyeshe mama yako barua hii.

Mjomba wako, kama bado

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, macho yana nafuu.

Barua yako nilikaa nayo wiki moja. Kisha nikaenda kwa Chuma. Anakaa ghorofa ya tatu, ngazi hazina mahali pa kushika. Alifungua akiwa anajifuta mkono.

"Karibu, bibi wa mezani," akacheka.

"Majina niliyatoa mimi," nikasema, kabla mguu haujaingia.

Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Nikakaa kwenye ngazi. Watu walipanda na kushuka, wananiruka. Sijui ilikuwa saa moja au mbili, mlango ukafunguka.

"Mwandiko wako unasomeka?"

"Ndiyo."

"Basi ingia uandike. Kila alichokwambia, na tarehe. Kiti alichokupa, kalamu, kila kitu."

Niliandika kurasa nne nikatia saini. Hakunipa hata maji, na sikuyatarajia. Tulikwenda kwa wakaguzi tukiwa watu wanne, mimi nyuma. Walikuja wiki iliyofuata bila kubisha hodi, wakaifunga ile pasi kwa mnyororo. Wale watatu wameitwa warudi kazini. Mimi kitambulisho changu kilichukuliwa getini, na mlinzi yule yule. Sasa napiga pasi za watu hapa nyumbani. Nilikutana na Chuma dukani akapita kama kapishana na ukuta. Ana haki.

Mama nilimsomea barua yako mwenyewe. Nilipofika kwenye jina la baba akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaniambia niiweke kwenye droo ya cherehani, akaendelea kupinda suruali ya mtu. Siku kumi hakutaja. Jana ameomba karatasi. Hayo ya chini kaandika mwenyewe, sikusahihisha.

Mpwa wako

Kaka,

Nimesomewa. Mtoto usimtwike tena mambo haya, ni yangu na yako.

Mume wangu alijua. Msimamizi alimwambia siku ile ile ya kufukuzwa, kwa kejeli. Alinikataza nisikuulize. Alisema, huyu ni ndugu yetu, atakuja kusema mwenyewe. Kila ulipobisha hodi alidhani ndiyo siku yenyewe. Hata alipokuwa anaumwa, ukija, alikuwa anajiinua kitandani.

Yeye hakuwahi kukusikia ukisema. Mimi bado nipo.

Basi la asubuhi linafika saa nne. Njoo Jumamosi, usimtume mtu.

Dada yako