Kazi ya Kuitwa

Mgeta, 3 Februari 2025

Mpwa wangu Paskalia,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya redio. Wewe je, kile kifua kimepona?

Neno ni moja. Ukoo umekaa. Shamba la marehemu mama yako, lile la kando ya kijito, limelala tangu tumzike, na watu wamechoka kulitazama. Kwetu shamba hufuata tumbo la mama, kwa hiyo ni lako, lakini sharti uje uonyeshwe mipaka mbele ya wazee. Siku ni Jumamosi tarehe 22. Usipotokea, atapewa mwenye jembe. Barua hii anaibeba Ignas wa gari la kabichi, maana simu huku haishiki na unalijua hilo.

Mjomba wako,
Kasimiri

Morogoro, 9 Februari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Kifua kimepona. Mwambie mama mdogo Catherine njegere zilifika na hazikulala.

Shamba nalitaka sana, mjomba. Ndicho kitu pekee alichoniachia mama. Tatizo ni kazi. Hapa hotelini wahudumu wengi ni deiwaka: pakiwa na semina tunaitwa, isipokuwepo tunakaa nyumbani tukitazama simu. Madam Shadia, msimamizi wa ukumbi, hutuma ujumbe jioni. Usipojibu anaitwa mwingine, na wewe unasahaulika mwezi mzima. Tena Machi wanatoa mikataba kwa wasiowahi kukosa, na mimi sijakosa tangu mwaka juzi.

Ni kama Tomasi anayekupalilia. Asubuhi anakaa kwenye kizingiti chako mpaka umwambie leo kazi ipo au haipo. Tofauti yetu ni kwamba mimi navaa tai.

Nitajitahidi kuja.

Mpwa wako,
Paskalia

Mgeta, 13 Februari 2025

Mpwa wangu,

Habari za hapa ni njema, goti ni lile lile.

Usinifananishe na hoteli. Tomasi namfahamu tangu anatambaa, na hata siku asipopata kazi kwangu, uji anakunywa. Halafu nani kakwambia anakaa kwenye kizingiti? Anakaa kwenye gogo.

Tarehe 22, saa tatu asubuhi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mjomba wako,
Kasimiri

Morogoro, 23 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sina hata uso wa kuuliza habari za goti, lakini nauliza.

Ijumaa jioni nilikuwa nimeshafunga begi. Madam Shadia akatuma ujumbe: kesho semina ya watu mia mbili, wote mfike alfajiri. Nikafungua begi nikatoa sare. Alfajiri nilikuwa getini. Jua limeshapanda ndipo tukaambiwa semina imeahirishwa, rudini nyumbani. Mwenzangu mmoja akauliza habari ya nauli. Akajibiwa hakuna, kwani hamjafanya kazi. Nilikimbilia stendi, nikakuta gari la huko limeshaondoka. Nikakaa pale nikalia, watu wakadhani nimefiwa.

Niambie tu amepewa nani.

Mpwa wako,
Paskalia

Mgeta, 2 Machi 2025

Mpwa wangu,

Futa machozi. Sisi wazima.

Wazee walikusubiri mpaka jua la utosi. Mzee Petro akataka shamba wapewe watoto wa dada yake. Wanaume tukaanza kubishana, na ubishi wetu unaujua. Huku nyuma Catherine akavua viatu, akasema yeye na mama yako walitoka tumbo moja, akaizunguka mipaka yote kwa niaba yako. Aliporudi na matope magotini, wazee wakakubali. Ila wametia sharti: masika isilikute pori. Likikutwa pori linarudi kwa ukoo, na hapo mimi sitaweza kukutetea.

Wewe huwezi kuja, nimeshaelewa. Mimi goti. Tomasi yuko tayari kulilima. Lakini shamba si langu, kwa hiyo tajiri wake ni wewe. Niandikie utamwajiri vipi. Mimi humwita siku ya kazi, na mvua ikinyesha anarudi kwao mikono mitupu. Ndiyo desturi.

Mjomba wako,
Kasimiri

Morogoro, 9 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mama mdogo nimempigia magoti hapa hapa chumbani.

Mikataba imetoka. Wamepata wawili, wote wageni kazini, mmoja mtoto wa dada yake meneja. Sisi wengine tumeambiwa tusikate tamaa na tusizime simu. Nimeiacha inawaka. Ninaudhika, mjomba, lakini kodi ya chumba haijui kuudhika.

Kuhusu Tomasi, usimwite kwa siku. Jumapili baada ya misa ajue kazi yake ya wiki nzima. Akifika shambani mvua ikamrudisha, alipwe siku yake, maana kufika alifika. Akiugua, nafasi yake asipewe mtu. Ukitaka kumbadilishia siku, mwambie mapema, siyo jioni. Hela nitampa Ignas kila gari linaposhuka. Yaandike haya yote, mtie saini, na nakala moja akae nayo yeye.

Mpwa wako,
Paskalia (tajiri)

Mgeta, 16 Machi 2025

Mpwa wangu tajiri,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi wazima, na goti lilisema kweli: mvua imeanza juzi, ikakuta shamba limeshageuzwa lote. Mzee Petro alipita kulitazama, akasalimia, akaenda zake. Shamba ni lako.

Jana Tomasi alikwenda kupanda, mvua ikamrudisha kabla hajashika jembe, nikampa siku yake kama ulivyoagiza. Aliitazama ile hela kama ya mtu mwingine. Sasa na kwangu nimeamua kumlipa ya mvua. Usicheke.

Ile karatasi nilimsomea mara mbili, halafu akaichukua akaisoma mwenyewe. Kuna jambo ameniomba nikuulize. Anasema mtu hawezi kuyatoa haya kichwani tu, lazima ndivyo mnavyotendewa huko hotelini. Kwa hiyo anaomba, ukimwona huyo Madam Shadia, umuulizie kama kuna nafasi.

Mjibu wewe.

Mjomba wako,
Kasimiri