Sanduku Lisilonguruma

Jumatatu, 3 Juni
Nimekamua, nimekoroga mavi na maji, nimelisha mtambo wa bayogesi. Kisha nikaenda kulitazama sanduku tena. Achieng, fundi aliyelileta kwa majaribio, huliita seli ya fueli. Gesi inaingia upande huu, stima inatoka upande ule. Hakuna injini, hakuna kinachozunguka. Mimi niliyezeekea kwenye boila ya kiwanda cha chai nimezoea moto unaonguruma. Hili limenyamaza kama mkwe ukweni. Lakini balbu zinawaka.

Jumatano, 5 Juni
Leo nimekinga kikombe kwenye bomba lake la kutolea moshi. Moshi hakuna. Ni mvuke, ukipoa ni maji. Nikaonja. Achieng alicheka hadi akakaa chini. Nikamuuliza maswali mpaka chai ikapoa. Ndani kuna joto la kuchoma matofali, mbona nje naweka mkono? Kwa nini gesi ipite kwanza kwenye chujio la makaa? Kumbe ile harufu ya yai viza iliyo kwenye gesi ni sumu kwa seli.

Nina furaha ya kitoto. Sababu kubwa ni Baba. Amelazwa hospitali ya Longisa, mapafu yamechoka. Daktari amesema anaweza kurudi nyumbani, mradi mashine yake ya oksijeni isikose stima. Stima ya kawaida hupotea kila mvua ikinyesha, na huku mvua ni ya kila siku. Ijumaa ya wiki ijayo tunamleta.

Jumamosi, 8 Juni
Ng'ombe wetu Chelel anaumwa kiwele. Daktari wa mifugo amemdunga dawa. Maziwa yake yasinywewe, hata na ndama, mpaka dawa iishe mwilini. Nimemwachia Mama ndoo ayamwage.

Jumanne, 11 Juni
Gesi imepungua. Geji imelala. Seli imejizima. Nimebadilisha makaa ya chujio, nimepaka bomba sabuni kutafuta mapovu. Hakuna panapovuja. Mama anasema ni baridi. Labda. Lakini baridi haikuanza leo.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeenda Longisa kumwambia Baba kesho haiwezekani. Aligeukia ukuta. Nimeumia sana.

Niliporudi nikamkuta Achieng ameshafungua mtambo. Tope linanuka uchachu. Akauliza tumelilisha nini. Mavi tu, nikasema. Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga za managu. Akasema bila kuinua macho, "Ni ile maziwa ya Chelel. Ningemwaga wapi? Maziwa haimwagwi chini kama maji ya vyombo. Nikaona afadhali irudi kwa mavi ya ng'ombe."

Ndoo nzima, asubuhi na jioni. Achieng akamweleza polepole: gesi inatengenezwa na vijidudu, na dawa ya Chelel inaua vijidudu bila kuchagua. Mama akaacha mboga.

Nilikuwa na maneno makali. Nikaenda kuiosha ndoo badala ya kuyasema. Mimi pia nisingeweza kuyamwaga chini; kwetu ni mwiko. Ndiyo maana nilimwachia yeye.

Jumamosi, 15 Juni
Tumetoa nusu ya tope. Jirani ametupa tope hai la mtambo wake liwe chachu, kama donge la unga unalobakiza kwa maandazi ya kesho. Mavi ya Chelel tunayaweka kando. Mama amebeba ndoo pamoja nasi. Amekataa kusaidiwa.

Jumatano, 19 Juni
Bado. Nimeinamia mtambo kama kuku anayesikiliza mayai. Nataka kujua wale vijidudu wanafanya nini humo ndani. Nikiwaza hilo, siwazi Longisa.

Jumapili, 23 Juni
Geji imeinuka! Jikoni moto umeshika, wa buluu. Kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Achieng atawasha seli kesho.

Ijumaa, 28 Juni
Baba yuko nyumbani. Mtungi wa oksijeni ya akiba uko kando ya kitanda, Achieng alisisitiza. Alasiri mvua ilinyesha, stima ya kijiji ikapotea. Baba hakujua.

Jioni Mama alimwambia mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyemchelewesha, kwa sababu ya maziwa. Baba akavuta pumzi kwanza. "Ungemwaga chini," akasema, "ningerudi kwa boma ya aina gani?"

Mama akamfunika miguu. Mimi nikaenda kukamua.