Picha Mbili za Bibi Kolastika

Louisville, 2015

Shangazi Generoza,

Kamera yako ninayo mimi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nakula. Mumeo aliniletea wiki mbili baada ya mazishi yako, ameifunga kwenye taulo. Alisimama mlangoni akasema, "Alisema ni ya kwako, na usiifungie kabatini." Kisha akaenda kazini. Nililia. Halafu nikachaji betri.

Shangazi, nimepiga picha za harusi peke yangu! Harusi ya Divine, yule binti wa mchungaji wetu wa kambi ya wakimbizi; ilifanyika kule Columbus. Ukumbi wenyewe ungekuchekesha: maputo ya rangi nne, maua ya plastiki, kreti za soda, watoto wanakimbia huku na huku, na nyuma ya meza kuu pazia la kumetameta. Ukimpiga mtu picha pale hujui uso ni upi na puto ni lipi.

Nikakumbuka harusi ya kwanza uliyoniachia kamera, hapa South End, mama wa bwana harusi aliposhika picha niliyompiga na kuuliza, "Mimi niko wapi hapa?" Hukunitetea. Jumapili iliyofuata ulinipeleka Shively, kwenye maegesho ya kanisa, ukanisimamisha mbele ya magari ukanipiga picha. Ukaniita nione. Mlingoti wa taa ulikuwa umeniota kichwani. Ulicheka mpaka ukakaa chini, halafu ukawa mkali: "Mtoe ukutani. Mvute mbele hatua tano. Wewe mkaribie, fungua lenzi yote ili nyuma pafifie, na utazame nyuma yake kabla ya kumtazama yeye." Tulirudia na kurudia mpaka miguu ikaniuma.

Basi kule Columbus nikamwona Bibi Kolastika, bibi yake Divine, aliyeletwa na gari kutoka Buffalo. Walikuwa wamemkalisha ukutani chini ya maputo, huwezi kumwona. Nikaomba kiti chake kivutwe mbele, mbali na ule ukuta. Nikapiga magoti, nikafungua lenzi. Uso wake ukatoka mzima, kila mkunjo, na nyuma yake pote, maputo na watoto waliosimama pale, pakawa ukungu laini wa rangi. Divine alipoiona alishika mdomo. Nikachapisha kubwa, nikaituma Buffalo kwa posta, nikitembea mabega juu.

Siku chache baadaye simu ikalia. Bibi mwenyewe.

"Mwanangu, picha ni nzuri sana. Lakini mbona umewafuta wajukuu wangu?"

Nikaanza kumweleza habari za lenzi. Akanikatiza, kwa upole. "Nilifika kambini peke yangu. Picha ya peke yangu ninayo, ile ya kitambulisho. Siku ile ya harusi wajukuu tisa walikuwa nyuma yangu. Sasa naona moshi tu."

Iliniuma, Shangazi. Kule ghalani, kazini, nilifunga maboksi siku nzima nikijiuliza wewe ungefanyaje. Somo hilo hatukuwahi kulifikia, mimi na wewe. Nilikukasirikia kidogo kwa kuondoka mapema. Unisamehe.

Septemba nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda basi hadi Buffalo. Bibi anakaa kwa mwanawe, North Buffalo, sebule ndogo yenye mapazia ya maua, makochi ya maua na zulia la maua. Hakuna pa kumvuta mtu hatua tano. Nikasimama pale mlangoni na kamera shingoni, wote wananitazama.

Nikazima taa zote. Nikamweka Bibi dirishani na kitenge chake cha njano, mwanga wote ukamwangukia yeye. Wale tisa nikawavalisha makoti yao meusi ya baridi, nikawapanga nyuma kwenye kivuli. Walilalamika kwa Kiingereza kwamba wanaiva kwa joto. Nikawaambia, "Msinitazame mimi, mtazameni Bibi." Nikaweka kamera kwenye stendi, nikabana lenzi ili kila uso usomeke, nikasema mtu yeyote asitikisike.

Ungeiona! Jicho linakwenda kwa Bibi kwanza, halafu ndipo wao wanajitokeza kutoka gizani, mmoja mmoja, wote wanamtazama yeye. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, nikikuza sura moja baada ya nyingine, naye akitaja majina. Alipomaliza jina la tisa alinishika mkono. "Nani alikufundisha kazi hii?"

Nikataja jina lako kwa sauti, sebule nzima ikasikia. Generoza, shangazi yangu. Nilisikia fahari. Lakini usinikasirikie, Shangazi: ile ya dirisha na makoti niliigundua mwenyewe.

Nimeshaitwa kwenye harusi nyingine mbili. Mumeo anakula, anakuja kwetu kila Jumapili baada ya ibada. Kuhusu hilo tulia.

Kwaheri, Shangazi. Lala kwa amani. Nakuahidi hivi: mtu akikaa mbele yangu nitahakikisha anaonekana, kama ulivyotaka. Na kabla sijamtenga na umati, nitamwuliza anataka kubaki na nani.

Binti wa kaka yako,
Janine