Mama Mkwe Ndani ya Sanduku la Shahidi

Jumanne, 6 Adari

Shemasi wa askofu amefika. Wanataka kuihamishia mifupa ya Mar Zuta mjini, kwenye kanisa jipya. Shahidi wetu, aliyeifia imani! Nikasimama mbele ya kijiji kizima — mimi ndiye mtunza kaburi — nikasema labda wanizike kwanza. Shemasi akaniuliza jina langu nani. Nikakaa chini.

Alhamisi, 8 Adari

Tumekata shauri. Mifupa ya Mar Zuta tuifiche ghalani kwangu, sandukuni tuweke mingine. Ya nani? Mimi na mdomo wangu nikamtaja mama mkwe, aliyezikwa pangoni, huu mwaka wa tatu sasa. Nilidhani mke wangu Shmuni atanirarua. Akasema: Mpeleke. Alipokuwa hai ulimwahidi kumpeleka mjini, ukamzungusha mpaka akafa.

Jumatatu, 12 Adari

Mama mkwe amekwenda. Ubani, zaburi, askofu mwenyewe kabusu sanduku. Mwanamke aliyeniita gunia la makapi! Nikajikuta nalia. Watu wakasema, tazama anavyompenda shahidi.

Alhamisi, 19 Nisani

Mwanetu Tatta, tangu apatwe na homa, bado hasimami. Homa imekwisha, miguu imelegea. Mtoto wa miaka sita! Kila siku namwaga mafuta juu ya mifupa ya Mar Zuta, nayakinga chini, namkanda nayo miguu. Wapi! Pengine shahidi kanuna kulazwa ghalani na vitunguu. Na mjini habari ni zilezile: kiwete katembea, bubu kasema, wote kwa mafuta ya lile sanduku.

Shmuni hanisemeshi. Leo kasema neno moja tu: Mpeleke mtoto kwa bibi yake.

Jumanne, 24 Nisani

Niko mjini, kwenye foleni ya kaburi, naandika juu ya goti. Tatta kaniegemea. Mama mmoja mbele yangu anasema shahidi huyu hana kinyongo na mtu. Mtunza kaburi mzima nimejipanga kumwomba mama mkwe! Anikomoe mimi, nimestahili. Mtoto amfanyie huruma.

Kasisi anapita akituambia tuseme naye kama mtu wa nyumbani, anasikia yote. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Wamebaki wawili mbele yetu. Tatta kauliza bibi yuko wapi. Nikamwonyesha sanduku — mjinga mimi! Sasa anaita kwa sauti: Bibi, ni mimi Tatta. Watu wanageuka. Kasisi anakuja huku. Nimzibe mdomo? Lakini kati yetu ni yeye tu ambaye mama mkwe alimpenda, na anaita tena. Namwacha aite.