Baba, Mopo Hakuwa Mbuzi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza na kukuombea kwanza, Mola akupanulie kaburi lako, kwa sababu yatakayofuata sijui kama yatakuwa na adabu. Juzi nimeunguza sufuria nzima ya wali, mimi, mtu ambaye wateja husema anapika akiwa amelala na bado wali hutoka umechambuka.

Baba, Mopo ni nguruwe.

Nimeiandika hiyo sentensi nikaiacha, nikaenda kunywa maji, nikarudi, bado iko palepale. Umri huu wote nimejua kwamba Mopo ni mbuzi. Mbuzi mdogo wa kule Ulaya, rafiki wa bata, wa kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, na wa farasi mzee kipofu, wanaoishi pamoja kando ya mto. Ulitusomea wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, tena mdomo wa mwalimu.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu Hamisi alikuwa anabomoa kile chumba chako cha nyuma kule Handeni, akalikuta sanduku lako la bati. Kutu ilikuwa imetoboa kitako na mchwa wakapata mlango. Kilichosalia akakifunga kwenye kiroba akanitumia kwa basi hapa Korogwe. Ndani kulikuwa na kofia yako, tasbihi, na kile kitabu. Nilikitambua kwa unene wake. Lile gazeti ulilokivalisha miaka yote mchwa walikuwa wamelila, na jalada likawa wazi kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu. Sikuwa na miwani. Nikamwita Zuhura, mjukuu wangu, yuko kidato cha pili na Kiingereza anakiweza.

"Bibi," akasema, "huyu nguruwe amevaa kofia."

Nikamwambia aangalie vizuri, huyo ni mbuzi. Akaangalia vizuri, mtoto wa watu, ana adabu.

"Ni nguruwe, Bibi. Na hapa chini wameandika Mopo."

Nilikaa kwenye gunia la mkaa na kanga nyeupe. Kisha nikainuka nikaenda kunawa mikono, mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyotufundisha. Nilikuwa nanawa picha, Baba. Zuhura alisimama mlangoni akinitazama.

Maana hujui hili jina limefika wapi tangu utuache. Kwa jina la Asha ananifahamu mtu wa pasipoti tu. Mji mzima mimi ni Mopo. Nina hoteli ndogo karibu na stendi, na juu ya mlango kuna kibao kikubwa, herufi za kijani: KWA BIBI MOPO. Masheikh wakitoka Ijumaa wanakula pilau chini ya kibao hicho. Imamu akiwa na maulidi anatuma mtu, nenda kwa Bibi Mopo ukaagize. Nimekwenda Hijja, Baba, na wenzangu wa Korogwe waliponipoteza kwenye umati walisimama wakaniita kwa sauti, Mopo, Mopo, kule kule Makka. Nikikumbuka hilo natamani kujifunika shuka mchana kweupe.

Na aliyenipa jina ni wewe. Ingekuwa mtu mwingine ningesema hakujua. Lakini wewe ndiwe uliyekataza hata neno lenyewe lisitajwe ndani ya nyumba. Tuliambiwa tuseme "mnyama yule", na wale wa porini waliokuwa wakifukua muhogo wa Bibi tuliwaita "wageni wa shamba". Bibi, mama yako, alikuwa na debe lake bovu la kuwafukuzia, hakuna aliyeruhusiwa kulitumia kwa kazi nyingine. Siku Hamisi aliposhika fimbo iliyompiga mmoja wao, ulimsugua mikono kwa udongo mpaka akalia.

Basi nimekaa nikakumbuka upya kila kitu, na kila ninachokumbuka kimegeuka.

Nakumbuka kijiji kipya, nyumba za mistari, watu waliotolewa huku na huku ambao jana yake walikuwa hawajuani. Watoto tulipigana kisimani kila siku. Ndipo ulipoanza kusoma. Mahindi ya shamba la ujamaa yalikuwa yakimwagwa mbele ya nyumba yetu, wakubwa kwa wadogo tukikaa kuyapukuchua, na wewe baada ya alasiri ulikaa upenuni na kitabu. Macho yako yalisoma Kiingereza na mdomo ulitoa Kiswahili, na hukuwahi kukwama hata kidogo. Sasa ndiyo nashangaa zaidi. Kila ulipolifikia neno lile ilibidi uliruke kama mtu anavyoruka dimbwi, na hatukuona mguu ukiinuka.

Tuliomba kuona picha, ukasema kurasa zimegandana kwa unyevu. Unyevu gani? Ulizigandisha kwa uji wa muhogo, ukurasa kwa ukurasa, kila penye picha. Mchwa wameupenda sana uji wako, wameumaliza wote, na picha zimejifungua zenyewe.

Na Mopo mwenyewe, jamani. Alipenda kugaagaa kwenye tope. Alikuwa na mkia uliojikunja. Alichimba mizizi kwa pua. Hivi sisi tulikuwa na akili gani? Tulizaliwa katikati ya mbuzi, tukawachunga, tukawakamua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Aliyeuliza alikuwa Bibi peke yake. Aliacha gunzi mkononi akasema, "Mbuzi gani huyo anaoga tope?"

Ukamjibu bila kuinua macho: "Mbuzi wa Ulaya, mama. Wako hivyo."

Bibi akapukuchua kidogo. Halafu akasema, "Basi huyo mbuzi wa Ulaya, siku nikimkuta kwenye muhogo wangu, nitamuuliza jina lake kabla ya kumpigia debe."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Juzi, nikiwa nimekaa kwenye lile gunia la mkaa, ndipo nilipomsikia. Debe lile halikuwa la mbuzi. Bibi alijua, Baba. Hakusoma hata darasa moja, lakini nguruwe alimjua hata umvalishe kanzu. Alijua, akakuachia uendelee, na yeye mwenyewe akaendelea kuniita Mopo mpaka siku aliyofariki.

Na Mwalimu Yohana alijua. Yule rafiki yako wa Lutindi aliyekupa kitabu mlipokuwa mkifundisha pamoja upande wa Kerenge, mkikisoma wawili ili kunoa Kiingereza chenu. Alipokuja kututembelea, watoto tukamzunguka kumsimulia habari za mbuzi Mopo. Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Ukamtazama. Akajifuta machozi akasema ndiyo, mbuzi, tena mbuzi mzuri sana. Nilidhani amefurahi kutuona.

Nimekasirika, sikufichi. Juzi ile ile nilimwambia Zuhura kitabu kikachomwe. Mtoto akaniuliza, "Bibi, lakini kwa nini babu alikuita hivyo?" Hilo nalijua vizuri kuliko ninavyojua kusoma.

Ni siku ya lori, tulipohamishiwa kijiji kipya. Sitasahau nikiwa hai, na najua wewe hukusahau. Uliambiwa mwalimu atangulie kupanda, ili watu waone mfano. Ulipanda, Hamisi mapajani, magodoro na kuku chini ya miguu. Bibi akakataa. Alisema hapandi kama mbuzi wake hawapandi, na aliyekuwa akisimamia akasema lori ni la watu. Injini ikawashwa. Bibi akabaki amesimama mbele ya mlango wake na kamba za mbuzi mkononi, na vumbi likaanza kuinuka. Mimi sikufikiri. Niliruka nyuma ya lori, nikachubuka magoti, nikamkimbilia. Nilipogeuka nilikuona umeinuka. Kisha nikakuona umekaa.

Tulitembea na Bibi na mbuzi wake, tukalala kwa watu njiani, na kesho yake jioni tukaingia kijiji kipya. Ulikuwa umesimama barabarani. Hukunikumbatia, haikuwa desturi yako. Ulinitazama magoti, ukasema, "Karibu, Mopo." Sikuelewa. Nilielewa baadaye, upenuni, ulipofika kwenye mafuriko: mto umefurika, marafiki wote wamepanda mtumbwi, farasi kipofu amekwama ng'ambo, na Mopo anaruka majini kurudi kukaa naye. Watoto wote waligeuka kunitazama, nami nikajiona nimekua. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenipiga kisimani.

Nikamwambia Zuhura asichome kwanza. Anisomee mafuriko. Nilitaka kujua kama na hayo uliyatunga.

Hukuyatunga. Nguruwe anaruka. Ameandikwa hivyo hasa, mnene, mwoga wa maji baridi, anaruka. Zuhura alisoma taratibu, akinitafsiria, na mimi nilikuwa naye neno kwa neno, nikimtangulia kama mtu anayesoma sura aliyoihifadhi. Mpaka tukafika kwa kalunguyeye. Unamkumbuka kalunguyeye, aliyekuwa mwalimu wa wenzake. Wewe ulitusomea kwamba kalunguyeye alibaki mtumbwini kwa sababu lazima mtu mmoja ashike kamba, la sivyo wote wangechukuliwa na maji. Kila ulipofika hapo sauti yako ilishuka, na ulirudia: lazima mtu ashike kamba.

Nikamwambia Zuhura, sasa soma ya kamba. Akasema hakuna kamba. Nikamwambia rudi juu. Akarudi, akasoma tena, akafunua ukurasa wa mbele na wa nyuma. Kalunguyeye aliinuka, halafu akaogopa, akakaa. Basi. Ndivyo kilivyoandikwa.

Baba, hapo ndipo nilipopata mshtuko mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nguruwe alinikasirisha, lakini kamba ilinimaliza. Kumbe ulikuwa ukikaa mbele ya kijiji kizima, mwaka baada ya mwaka, mahindi yakimwagika, ukimwombea msamaha kalunguyeye kwa watoto. Na mimi nilikuwa nimekaa pale miguuni pako, Mopo mwenyewe, sina habari. Sikuwahi kukulaumu kwa lori. Ungeniuliza ningekwambia. Nakwambia leo: Hamisi alikuwa mapajani mwako, hajajua hata kukaa vizuri, na lori lilikuwa limeshaanza kuondoka. Hiyo ndiyo kamba. Kwenye kitabu haimo, lakini siku ile ilikuwepo, na uliishika wewe. Laiti ningekuwa na njia ya kukufikishia hili nikiwa nimekushika mkono.

Nililia, Zuhura akalia kwa kuniona mimi, mteja akaja kuuliza maharage akaondoka.

Lakini kibao bado kilikuwa juu ya mlango, Baba, na jana ilikuwa Alhamisi. Nilijua kesho yake masheikh watakuja. Nikamwita fundi wa mabango. Nikamwambia afute jina. Akapanda ngazi, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaniuliza, "Niandike nani sasa, Bibi Mopo?"

Nilisimama pale chini nikatafuta jina. Nikajaribu Asha mdomoni, nikajaribu Hajjat. Ni majina mazuri, Asha mlinipa nilipozaliwa na Hajjat nimeipata kwa rehema za Mungu. Lakini hakuna katika hayo nililolipata kwa magoti yangu mwenyewe, na hakuna uliloniita siku ile barabarani. Fundi alisubiri, mafuta yakimdondokea mkononi. Nikaona kwamba nikilifuta nitakuwa nimemwacha Bibi pale mlangoni na kamba zake za mbuzi, peke yake.

Nikamwambia aache jina kama lilivyo, alipake rangi upya, na pembeni achore mbuzi. Mbuzi mnono, mwenye furaha. Alipofika nyuma nikamwambia mkia aukunje. Akaukunja kidogo. Nikamwambia zaidi.

Leo baada ya swala wamekuja kama kawaida, wamekula, wameshiba. Imamu alipokuwa akitoka alisimama akakitazama kibao, kichwa upande. Akaniuliza mbuzi gani huyu mwenye mkia wa namna hii.

Sikuinua macho kwenye sufuria. Nikamwambia, "Mbuzi wa Ulaya, Sheikh. Wako hivyo."

Pumzika, Baba. Msalimie Bibi, na umwambie nimechelewa kucheka, lakini sasa nimecheka.

Ni mimi binti yako,
Mopo